Kabla ya Kuupanda Mlima Kitonga

Ukisafiri na jamaa zako kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, mwendo wa kilomita zipatazo 500, utapita Chalinze, Morogoro na mbuga ya Mikumi, kisha utafika Ruaha Mbuyuni, penye mibuyu mikubwa na vitunguu vinavyouzwa kando ya barabara. Mbele yake ndiko uliko mlima Kitonga. Malori huupanda polepole, kona kwa kona, korongo likiwa ubavuni. Injini yenye upungufu wa oili huumbuka hapo.

Usidanganywe na gari lililotembea kilomita chache. Likikaa miaka mingi bila kuendeshwa, sili na gasketi zake hukauka na kukakamaa, nazo zikipata joto huachia oili. Ikidondokea bomba la moshi lililopata moto, yaweza kuwaka.

Basi, usiku wa kuamkia safari, tandika boksi chini ya injini. Asubuhi ukiona matone, fundi aisafishe injini kwanza, kisha atafute chanzo kuanzia juu, kwenye gasketi ya kifuniko cha vali, kwani oili huteremka. Pima kwa stiki, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa kitambo.

Njiani, taa nyekundu ya oili ikiwaka, simama mahali pa salama na uzime injini mara moja; usijikaze ufike Ilula. Gasketi ni gharama ndogo, injini yaweza kumaliza akiba ya nyumba nzima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.