Pembeni mwa Lami

Ifakara ni mji wa baiskeli. Bonde la Kilombero limetandaa tambarare kutoka chini ya milima ya Udzungwa hadi mtoni, na kwa mtu anayekwenda shamba la mpunga, sokoni au hospitalini, hakuna chombo kinachomfaa kama hicho. Wanawake wanaendesha na wala hakuna anayegeuza shingo kuwatazama: mtoto kwenye karia, jembe limefungwa kwenye fremu, kanga imekazwa isije ikaingia kwenye spoku. Mafundi wamekaa chini ya miembe, kila mmoja na beseni lake la maji la kutafutia pancha.

Mji wa namna hii unastahili njia bora za baiskeli kuliko mji mwingine wowote nchini Tanzania, na bado haujazipata. Kadiri barabara kubwa zinavyotengenezwa, ndivyo jambo hili linavyozidi kuniuma. Daraja la mto Kilombero, lenye urefu wa mita 384, lilifunguliwa mwaka 2018, miaka miwili baada ya kivuko kuzama pale pale. Lami ya kutoka Kidatu, takriban kilomita 67, nayo imefika. Hayo ni maendeleo ya kweli, na sijakutana na mwenyeji anayetamani kurudi kwenye kusubiri pantoni. Lakini lami ilikuja na mwendo kasi, na mwendo kasi ukamkuta mtu wa baiskeli hajatengewa mahali pake.

Mwangalie aliyebeba gunia la mpunga. Amelilaza juu ya karia na kulikaza kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu. Uzito wote uko nyuma, kwa hiyo gurudumu la mbele limekuwa jepesi na usukani unacheza. Anakwenda polepole, na baiskeli inayokwenda polepole huyumba. Mara fuso linapiga honi nyuma yake. Abaki juu ya lami, au ashuke pembeni? Huko pembeni mvua za masika zimekula changarawe, na ukingo wa lami umebaki juu kama kidato cha ngazi. Akishuka kwa kasi ataanguka na mzigo wake. Akifanikiwa kushuka, hawezi kupanda tena mpaka ateremke asukume. Wengi wanateremka na kusukuma, kila fuso linapopita, siku nzima, na wanalichukulia kama sehemu ya safari.

Ukingo huo umenifundisha zaidi kuhusu watu kuliko kuhusu barabara. Aliye ndani ya gari hauoni kabisa. Anaweza kupita hapo miaka kumi, akiwa mtu mwema mwenye huruma, na asijue kwamba upo. Ndivyo tunavyoishi pia majumbani na makazini: tunapanga mambo ya wenzetu tukiwa tumekaa mahali ambapo shida yao haionekani, halafu tunashangaa hawashukuru. Dawa ninayoijua ni kwenda kukaa walipokaa wao. Ningependa kila mhandisi anayechora barabara ya Ifakara aendeshe kwanza baiskeli yenye gunia kutoka mtaa wa Kibaoni hadi mtoni. Akirudi, mchoro wake utabadilika bila kuhitaji semina.

Jambo jingine ni kwamba waendesha baiskeli wameshafanya nusu ya kazi ya upimaji. Zifuate njia zao za mkato zinazopita nyuma ya nyumba na kando ya mashamba. Mahali ambapo mto Lumemo hufurika, njia imehamia kwenye kimwinuko ambacho mgeni hawezi hata kukitambua. Tairi zimechagua kwa miaka mingi, na zimechagua vizuri. Kinachokosekana ni mwendelezo. Njia inakwenda safi, kisha inafika kwenye mtaro uliolazwa gogo juu yake, au kwenye karavati jembamba ambapo baiskeli na lori haziwezi kupishana. Mzazi anayemkataza mtoto kwenda shule kwa baiskeli haiogopi safari nzima. Anaogopa mita mia za mwisho, na hizo mita mia zinatosha kuiharibu njia yote.

Ndiyo maana siombi mambo makubwa. Kifusi kijazwe na kushindiliwa hadi kiwe usawa wa lami, na kirudiwe kila baada ya masika. Mitaro iwekewe vifuniko vya zege kwenye vivuko ambavyo watu wameshavichagua. Miti ipandwe, kwa sababu jua la saa saba bondeni humchosha mtu kuliko mzigo. Na mwendo upunguzwe. Kwetu kikomo kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa, ilhali Azimio la Stockholm la mwaka 2020 lilitaka kilomita 30 mahali ambapo magari yanachanganyika na watu wa miguu na wa baiskeli. Uholanzi, tunayoisifu kwa baiskeli, haikuzaliwa hivyo. Miaka ya 1970 wazazi waliingia mitaani kwa sababu watoto wao walikuwa wanauawa na magari.

Barabara kuu na za mikoa zinasimamiwa na wakala wa serikali, TANROADS, na tangu 2017 za wilaya na mitaa zinasimamiwa na wakala mwingine, TARURA. Mtu wa baiskeli hutoka kwenye barabara ya wakala mmoja na kuingia ya mwingine katika safari moja ya kwenda sokoni, kwa hiyo hoja yake inabidi ifike kwa wote wawili, na ifike mapema. Inapotangazwa barabara ya mtaa itakayojengwa, mkutano wa mtaa uulize upana wa karavati kabla zege halijamwagwa. Nyongeza ya mita moja kila upande ni rahisi ikiwa bado iko kwenye karatasi. Nafasi hiyo ikishapita, watoto wa shule watabanana na malori hapo hadi karavati hilo litakapochoka na kubomolewa.