Mafuta Yendayo na Mafuta Yarudiyo

Mpenzi wa ushairi huenda akastaajabu kuona kalamu iliyozoea vina na mizani ikiandika habari za injini na oili. Asistaajabu. Neno ni mali ya mshairi popote linapotumika, na lipo neno moja la mafundi ambalo, likifasiriwa ovyo, laweza kumwangusha mtu kutoka angani.

Sisi watu wa Umwe, ukanda wa Rufiji, tulizijua ndege mapema kuliko wengi. Mnamo tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Unguja, kisha ikarudi kujificha katika mikoko ya delta yetu. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia katika vijito vile, ikabidi jicho litafutwe angani. Mwezi Novemba mwaka huo rubani H. Dennis Cutler aliruka kutoka kisiwa cha Nyororo, karibu na Mafia, kwa ndege ya Curtiss ya kutua majini. Injini yake ilipozwa kwa maji; rejeta ilipoharibika, ilitafutwa ya gari la Ford mjini Mombasa.

Mapema mwaka 1915 zikaletwa ndege mbili za Sopwith, zenye injini ya namna nyingine kabisa: Gnome Monosoupape, ya Kifaransa, yenye nguvu za farasi 100. Katika injini hiyo krenki imefungwa imara kwenye mwili wa ndege, nazo silinda tisa ndizo zizungukazo pamoja na rafadha, mfano wa pia. Mzunguko wenyewe huziletea upepo wa kuzipoza.

Na mafuta yake ya kulainisha? Ni mafuta ya mbarika, ambayo wengine huyaita ya nyonyo. Yaleyale ya mmea uotao nyuma ya nyumba zetu, ambayo bibi zetu walitupa tulipofunga choo. Sababu yake ni hii: petroli hupita ndani ya tumbo la injini, na oili ya madini ingeyeyuka ndani yake na kusombwa. Mafuta ya mbarika hayachanganyiki na petroli kwa wepesi. Hulainisha mara moja tu, kisha hutupwa nje pamoja na moshi, mengine yakimrukia rubani usoni. Injini hiyo haina kipozeo cha oili, kwa kuwa haina oili irudiyo.

Hata hivyo joto la pwani liliwashinda. Hewa ya moto ni nyepesi. Huipunguzia injini nguvu na bawa uwezo wa kubeba. Gundi nayo ililegea katika unyevu, na ndege zile mbili hazikufaa kitu. Zikafuata za Short, nazo zikaweza kuipiga picha manowari. Hatimaye ndege zilizoruka kutoka Mafia ziliziongoza shabaha manowari mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, na tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikafikia mwisho wake.

Miaka mingi baadaye mpwa wangu, fundi wa pikipiki, aliniletea maandishi ya Wamarekani wajijengeao ndege nyumbani. "Mjomba," akasema, "nifasirie." Humo nikakutana na jina lilelile la Kiingereza, ila injini si ile. Hii ni ya Mjerumani Felix Wankel, iliyowaka kwa mara ya kwanza mwaka 1957 na ambayo baadaye Mazda waliitia katika magari yao. Haina pistoni, ndani yake huzunguka rota ya pembe tatu, na ganda lake limetulia. Ganda hupozwa kwa maji, lakini rota hupozwa kwa oili irushwayo tumboni mwake. Takriban theluthi moja ya joto la kuondolewa hubebwa na oili hiyo, nayo sharti ipite katika kipozeo, ipoe, irudi kazini. Isipopoa, huwa nyepesi kama maji, beringi zikasagika na sili za mpira zikaungua.

Kwa hiyo mjenzi huhangaikia njia ya hewa. Huijenga yenye mdomo mwembamba, unaopanuka polepole ili upepo upunguze kasi na kusukuma vema katika mapezi ya kipozeo, kisha upate pa kutokea. Mtihani wake mkubwa ni kupaa siku ya jua kali: injini inatoa nguvu zake zote, ndege bado inakwenda polepole, upepo ni haba.

Basi nifanyeje na jina? Kuziita zote mbili "injini ya mzunguko" ni kumwambia kijana wa Ikwiriri kwamba ni ndugu, ilhali moja huyatupa mafuta yake na nyingine hufa yasiporudi yamepoa. Ile ya kale nikaiita injini-pia, kwa sababu mwili wake wote huzunguka. Hii ya pili, injini ya rota. Mpwa wangu aliyasoma majina hayo, akauliza papo hapo: "Na rota, aliyefungiwa ndani, nani humpoza?" Swali hilo ndilo nililotaka jina limfundishe kuuliza. Wapo wasemao kwamba Kiswahili hakitoshi kwa mambo ya mitambo. Kinatosha, mradi mfasiri akubali kwanza kufuata mafuta yanakokwenda, ndipo aandike jina.