Barabara ya Kilwa, Kibao cha Berlin

Ilinibidi nifike Berlin ndipo niione upya barabara ninayoipita kila siku kwenda kazini.

Nilikuwa nimealikwa kwenye kongamano, na siku ya mwisho wenyeji wetu walituandalia matembezi ya miguu. Nilitarajia Lango la Brandenburg na mabaki ya ule ukuta. Badala yake tuliteremka kituo cha treni kiitwacho Afrikanische Straße, yaani Mtaa wa Afrika, katika eneo la Wedding. Hakuna makasri huko. Kuna majengo ya ghorofa ya watu wa kawaida, bustani ndogo za mboga, na vibao vya mitaa: Togo, Kameruni, Zanzibar, Usambara, Tanga. Niliposoma Tanga nilicheka kwa sauti.

Mwongozaji wetu, binti mwenye asili ya Afrika aliyezaliwa Berlin, alisubiri nimalize kucheka. Majina hayo, alisema, yalitundikwa kujivunia makoloni, mengine hata baada ya makoloni yenyewe kupotea. Kisha akatupeleka kwenye barabara iliyokuwa ikiitwa Petersallee. Ndiye yule Carl Peters aliyezunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami mwaka 1884 akikusanya mikataba ambayo waliotia alama hawakuweza kuisoma; yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Manazi walimtunuku barabara hiyo mwaka 1939. Mwaka 1986, badala ya kuliondoa jina, wakuu wa Berlin Magharibi walitangaza kwamba Peters anayekusudiwa sasa ni mwingine, Hans Peters, mwanasheria aliyewapinga Manazi. Kibao kile kile, Peters mwingine! Watumishi wa umma wanaonisoma watautambua ujanja huo.

Wanaharakati hawakuridhika, miongoni mwao Mnyaka Sururu Mboro, Mtanzania wa Kilimanjaro ambaye kwa miaka mingi amewatembeza watu Berlin huku akilitafuta fuvu la Mangi Meli, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Tarehe 23 Agosti 2024 jina la Peters liliondolewa. Sehemu moja ya barabara ikapewa jina la Anna Mungunda wa Namibia. Nyingine ikaitwa Maji-Maji-Allee.

Tulisimama chini ya kibao hicho. Binti akanigeukia: "Mwalimu, kwenu watu wanaikumbuka vipi vita hii?"

Nikamtajia Makumbusho ya Maji Maji ya Songea, ambako Rais wa Ujerumani aliomba radhi Novemba 2023. Lilikuwa jibu la mtahiniwa. Sikumwambia kwamba naishi Mbagala, kando ya Barabara ya Kilwa, na kwamba ukiifuata barabara hiyo kusini, ukapita Kibiti na kuvuka Rufiji, unaingia nchi ya vita yenyewe: Mohoro, aliponyongwa Kinjeketile Agosti 1905; na milima ya Umatumbi, ambako watu wa Nandete waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Wala sikumwambia kwamba bibi yangu mzaa mama alikuwa Mmatumbi.

Bibi alikuwa na kisa alichokipokea kwa mama yake, cha njaa iliyofuata baada ya askari kuchoma ghala na mashamba. Watu walikula ndiga, ambazo zisipolowekwa vizuri huua. Alikuwa akianza kusimulia, nami nikiwa na mitihani, semina, au usingizi. Nimesoma hadi shahada ya tatu, nimewahoji wazee wa watu wengine kwa ajili ya tasnifu, na bibi yangu amezikwa bila mimi kumwandika hata ukurasa mmoja.

Niliporudi niliwaomba wanafunzi wangu tutembee Jumamosi moja kutoka Mtoni hadi Rangi Tatu. Walikuja kumi na mmoja. Jua lilikuwa kali, makondakta walitudhania abiria, na njia nzima hatukuona kibao kinachosema barabara hii inaelekea kwenye nini. Karibu na Zakhiem, kijana mmoja mwenyeji wa Kilwa alimpigia simu babu yake, akaweka sauti ya juu. Tukamzunguka, tukainama ili tusikie katikati ya honi.

Mzee alinyamaza kwanza. Kisha akauliza nani mwingine yupo hapo, na kama tuna kalamu.