Imeingia, Haijakaa

Baba yangu ni seremala, na kabla sijajua kusoma nilikwisha jua kutofautisha ulimi wa mbao ulioingia na ulimi uliokaa. Sikudhani elimu hiyo ingenifaa mbele ya bastola, tena ugenini katika jimbo la Ohio, Marekani, nilikofundisha Kiswahili kwa mwaka mmoja.

Mwenye nyumba wangu alikuwa mzee mjane, mstaafu wa karakana ya vyuma. Alikuwa amenunua bastola ya baruti nyeusi, nakala ya ile Colt ya mwaka 1851, iliyoundwa Italia. Jumamosi alikusudia kuifyatua uwanjani pamoja na mjukuu wake. Ijumaa jioni akaniomba nimshikie taa.

Nakiri, msomaji mpendwa, kwamba mikono ilinitetemeka. Mimi bastola nilizoea kuiona kiunoni mwa askari, nayo niliipisha njia. Mzee alinionyesha kwanza matundu yote sita ya silinda, matupu, na chuchu za kuwekea fataki, tupu pia. Ndipo akaendelea.

Bastola hii haina upapi wa chuma juu ya silinda. Mtutu hushikwa na mhimili upitao katikati ya silinda, na kabari moja ndogo ndiyo inayoufunga mtutu kwenye mhimili huo. Naam, kabari, kama zile za baba!

Mzee akaigongomea kabari kwa nyundo ya mbao. Akapandisha mtambo nusu, akajaribu kuizungusha silinda, ikagoma. Akailegeza kabari, silinda ikazunguka, lakini mtutu ukawa unacheza.

"Itatosha," akasema.

"Imeingia, haijakaa," nikajisemea kwa Kiswahili, kumbe kwa sauti.

Akataka maana. Nilitahayari. Darasani nilikuwa nimewafundisha wanafunzi kwamba kukaa ni kuketi au kuishi. Maana ya mafundi niliiacha mlangoni. Nikamweleza habari za ulimi usiofika mwisho wa tundu lake, ambao kila ukikazwa huvuta kiti upande.

Mzee alinyamaza. Kisha akaung'oa mtutu, akaiondoa silinda, akaurudisha mtutu ukiwa umegeuzwa upande, akausukuma hadi mhimili ukagota mwisho wa shimo. Alipouzungusha kuelekea kiunzi, uso wa chini wa mtutu haukukutana na uso wa kiunzi. Ulikuwa umeupita kwa unene wa sarafu. Mhimili ulikuwa mfupi kuliko shimo lake. Kila pigo la kabari lilikuwa likiuvuta mtutu nyuma na kuuinamisha juu ya silinda.

Dawa yake ni kipande cha chuma cha kujazia mwisho wa shimo, kichongwe kidogo kidogo na kupimwa kila mara. Haikuwa kazi ya usiku mmoja. Mzee akampigia mjukuu simu. Nilisikia kijana akilalamika, na babu akirudia kwa upole kwamba haitafyatuliwa.

Alipokwisha kuvifunga vipande kwa kitambaa, aliniomba nimtajie tena lile neno, herufi kwa herufi. Akaliandika kwa kalamu ya risasi juu ya sanduku: HAIJAKAA.