Boti ya Mbio na Kamba ya Watoto

Ndugu msomaji, katika kurasa hizi umezoea kusoma habari za malezi, mapishi na karo za shule, na pengine utashangaa kumkuta fundi wa mashine za boti akikusimulia mambo ya rafadha na kamba. Niwie radhi. Jambo lenyewe lilitokea siku ya Jumapili, lilihusu familia, na kwa muda wa pumzi mbili tatu lilikaribia kuninyang'anya mtoto.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alinunua boti iliyokwisha kutumika. Ilikuwa ya faiba, yapata mita tano kwa urefu, nyembamba na nyepesi, na nyuma yake imepachikwa mashine ya nguvu za farasi 115. Aliyeiunda alikusudia jambo moja tu, nalo ni mbio. Shemeji yeye alikusudia jingine: kila Jumapili aipeleke pwani ya Kunduchi awavute watoto wa ndugu na majirani juu ya mpira mkubwa wa kujaza upepo, na wakubwa wenye ubavu wasimame juu ya mbao za kutelezea majini. Akanijia na kusema, "Shemeji, fundi ni wewe. Nifungie kamba tu." Nami, kwa kiburi cha miaka ishirini na saba ya kushika spana, nikafunga kamba tu.

Niliifunga kwenye pete ya chuma iliyo pembe ya kulia ya tezi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na mkono wangu. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na sikuliona.

Asubuhi ile maji yalikuwa yametulia, kisiwa cha Mbudya kikionekana kana kwamba ungeweza kukigusa. Binti yangu wa pili, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, ndiye aliyeomba kuwa wa kwanza. Akavalishwa jaketi la kuokolea, akapanda juu ya mpira, akatupungia mkono. Mjomba wake akashika usukani. Mimi nilikaa nimeelekea nyuma. Lakini nitakuambia kweli, ndugu msomaji, macho yangu yalikuwa juu ya mashine, si juu ya mtoto. Nilikuwa nikiisikiliza inavyoimba.

Tulipokata kona kuelekea kushoto mpira ulipepesuka upande wa nje, ukaivuta ile pembe ya tezi. Boti ikalala ubavu. Rafadha ikanyonya hewa badala ya maji, mashine ikapiga ukelele, omo ikaanguka, na boti ikasimama kana kwamba imepanda fungu la mchanga. Mpira haukusimama. Ulikuja moja kwa moja kwetu, na kamba ikalegea ikaelea juu ya maji. Shemeji, kwa hofu ya kuona mwendo umepotea, akasukuma mkono wa mafuta mbele. Rafadha ikaidaka kamba, ikaanza kuizungusha, na kila mzunguko ulimvuta mwanangu kuelekea kwenye mapanga yale.

Kile kijikamba chekundu cha kuzimia mashine, ambacho nahodha hupaswa kujifunga mguuni au kiunoni, kilikuwa kinaning'inia mahali pake, hakikufungwa kwa mtu yeyote. Nilikirukia nikakinyofoa. Mashine ikazimika. Kati ya miguu ya mtoto na rafadha palikuwa pamebaki nafasi isiyofikia urefu wa kitanda. Alitazama kamba iliyojisokota, akanitazama mimi, akasema, "Baba, mbona imenivuta?" Sikuwa na jibu lolote. Safari ya kurudi ufukoni tulipiga makasia, kimya.

Jibu nilikwenda kulitafuta karakanani, kwa Jumamosi tatu mfululizo.

Boti ya mbio hupangwa ili iguse maji kidogo iwezekanavyo. Mashine huinuliwa juu kwenye ubao wa tezi ili mguu wake usikokote maji mengi, na uzito wote hurundikwa nyuma ili omo iwe nyepesi. Ikienda wima, bila mzigo, hufanya kazi hiyo vizuri. Bali mtoto nyuma ya kamba ni mzigo usiotulia: mara yuko kulia, mara kushoto, mara kamba imekaza, mara imelegea. Boti iliyosimama kwa ncha ya kidole haiwezi kuvutwa huku na huku na kubaki wima.

Basi kwanza niliishusha mashine. Matundu ya boliti zinazoishikilia huwa yameachana kwa robo tatu ya inchi. Niliishusha kwa matundu mawili, hata lile bamba lililo juu ya rafadha likawa sawa na usawa wa chini ya boti. Bamba hilo kazi yake ni kuizuia hewa isishuke kwenye mapanga. Likikaa juu mno, kona ya kwanza tu rafadha itashika povu, kama ilivyotufika.

Halafu nikaigeukia rafadha yenyewe. Ilikuwa ya mapanga matatu, na namba iliyogongwa juu yake ilikuwa 23. Maana ya namba hiyo ni kwamba kama maji yangekuwa ubao na rafadha ikawa skrubu, basi kwa mzunguko mmoja ingesonga mbele inchi 23. Ni kama baiskeli yenye gia nzito: tambarare utakimbia, mlimani utashuka ukokote. Kuwavuta watu ni kupanda mlima, hasa zile sekunde za mwanzo boti inapojitahidi kuinuka juu ya maji. Nikatafuta yenye namba 19 na mapanga manne. Kila inchi inayopunguzwa huiongezea mashine mizunguko kama 150 hadi 200 kwa dakika, kwa hiyo ilinibidi nichunge isije ikavuka kiwango kilichowekwa na waliounda mashine. Mapanga manne hushika maji vizuri zaidi kwenye kona, na huiwezesha boti kukaa juu ya maji kwa mwendo mdogo bila kuzama tezi.

Betri na tangi la mafuta nikavihamishia mbele, nikavifunga kwa mikanda. Usukani nao ulikuwa na ulegevu, unauzungusha kidogo na mashine haijasikia, nikauondoa. Haya ni mambo madogo na sitakuchosha nayo.

Kamba ndiyo niliyoifikiria kuliko vyote. Niliacha pembe moja nikatumia pete zote mbili, za kulia na kushoto, nikaziunganisha kwa hatamu ya kamba inayopita nyuma ya mashine. Katika hatamu nikatia kapi, na kwenye kapi ndipo ikafungwa kamba ya kuvutia. Mpira ukienda upande wowote, kapi hutambaa, na mvuto hausumbui pembe moja ya tezi. Nikaongeza boya dogo ili kamba ikilegea ielee, isizame kwenye rafadha. Shemeji alitaka mlingoti mrefu katikati ya boti kama alivyowahi kuona pichani. Nilikataa. Mlingoti humfaa mtu aliyesimama juu ya mbao, lakini mpira ukijikita ndani ya maji huuvuta mlingoti kwa juu, na boti nyembamba hulala mara moja.

Mchezo huu, kwa taarifa yako, haukuanzishwa na matajiri. Mwaka 1922, katika ziwa Pepin, jimbo la Minnesota huko Marekani, kijana Ralph Samuelson alijichongea mbao mbili, akainua ncha zake kwa maji ya moto, akaanguka mara nyingi kabla ya kusimama. Aliyekuwa anamvuta ni kaka yake Ben. Wengi humtaja Ralph. Mimi siku hizi humfikiria Ben, aliyeshika usukani na maisha ya nduguye nyuma ya kamba.

Nilipomaliza, tulikwenda majini mimi na shemeji peke yetu. Boti iliinuka upesi, omo haikudundadunda, kwenye kona rafadha ilishika. Lakini mwendo wa juu ulikuwa umepungua, na shemeji alinuna kweli kweli. "Umeniulia boti," alisema. Nikamwambia kwamba hata katika mashindano ya kimataifa ya kuteleza baina ya maboya, boti haiendi zaidi ya kilomita 58 kwa saa kwa wanaume na 55 kwa wanawake, na watoto wetu hawahitaji zaidi ya 20 au 25. Hakunijibu. Wiki mbili hatukusemeshana ila kwa salamu, na mke wangu akabaki kati, akitupelekea maneno.

Jumapili tuliporudi Kunduchi, binti yangu alikataa kupanda mpira. Sikumshawishi. Akaomba kiti cha kuelekea nyuma, kile nilichokikalia mimi siku ile, ili yeye awe mwangalizi wa wenzake. Kabla hatujaondoka alimwendea mjomba wake, akakichukua kile kijikamba chekundu, akamfunga kiunoni mwenyewe na kukivuta kuona kama kimeshika. Akatufundisha ishara: dole gumba juu, ongeza, dole gumba chini, punguza, kiganja kikipita shingoni, zima. Kila mtoto alipoanguka alipaza sauti, "Mjomba, yuko majini!" na hakutuachia tumsogelee mwenzake hadi tumwegemee taratibu na mashine imezimwa kabisa. Alikuwa na sauti ya karani wa bandarini.

Mwezi uliofuata alipanda mpira mwenyewe, bila kuambiwa na mtu.

Ile rafadha ya mapanga matatu shemeji hakuiuza. Aliisugua ikang'aa, akaitundika ukutani sebuleni, na kila nikienda kumjulia hali hunikalisha chini yake.