Herufi Moja Kituoni Nyabugogo

Afikaye Nyabugogo alfajiri hulakiwa na lugha tatu au nne kabla hajateremsha mzigo wake. Kituo hiki cha mabasi cha Kigali hupokea abiria wa mikoani na wa ng'ambo ya mpaka. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, lakini hapa kilikuwa kikisikika zamani kabla ya hapo. Jirani na kituo ndipo tulipo na darasa letu la jioni. Wanafunzi ni wauza tiketi, wapagazi na wachuuzi. Vitabu ni haba, basi masomo tunayaweka katika tovuti ndogo, nao huyasoma kwa simu.

Siku moja binti mmoja muuza tiketi alitusimamisha mlangoni. "Mwalimu, shikamoo. Darasani umetufundisha 'gari limefika'. Ukurasa wako unasema 'gari imefika'. Tushike lipi?" Tuliona haya. Kosa lilikuwa la kidole chetu wenyewe. Tena binti huyo alikwisha kulinakili jedwali zima kwa mwandiko mzuri na kulibandika dirishani pa tiketi, wenzake wajifunzie.

Usiku ule tuliketi kusahihisha. Mfumo wa tovuti yetu wakati huo ulikuwa wa mtindo wa zamani: ukurasa uko huku, na mahali pa kuuhariri pako kule, ndani ya kisanduku cha fomu. Humo jedwali si jedwali tena, bali ni kichaka cha alama na mabano, na maneno yamejificha ndani yake kama kanga nyasini. Tuliongeza ile herufi l. Pamoja nayo, pasipo kujua, tukafuta alama iliyotenga vyumba viwili vya jedwali. Tukahifadhi, tukalala. Kumbe vyumba vile vimeungana na vilivyofuata vimesogea hatua moja, hata 'yamefika' likasimama chini ya kichwa kisemacho 'Nomino katika wingi'. Siku tatu wanafunzi walinakili hivyo hivyo, kwani nani angemshuku mwalimu mara ya pili?

Wenzetu walimu watatuelewa. Anayesahihisha insha hulishika daftari lenyewe, akatia wino mwekundu papo hapo penye kosa, huku akiona mstari ulio juu na ulio chini. Hata siku moja haandiki masahihisho gizani, kisha akangoja kesho aone yameangukia wapi.

Ufundi wa kuhariri ndani ya ukurasa wenyewe haukuanza jana. Wikipedia ilianza kuueneza kwa wahariri wake mwaka 2013, na WordPress ikaleta kihariri cha vipande mwezi Desemba 2018. Sisi tulichelewa, lakini hatimaye tulihama. Sasa tunaligusa neno pale linaposomwa, kishale kinasimama, tunaandika, na jedwali linabaki jedwali.

Hata hivyo hatujaridhika. Katika simu, mwambaa wa vitufe hushuka ukaufunika mstari ule ule tunaousahihisha. Programu isiyojua Kiswahili huyapigia mstari mwekundu maneno yetu yaliyo sahihi, hata anayeanza kujifunza uhariri akayaogopa. Na wepesi nao una hila yake: tumejikuta tukibadilisha sentensi tungali tumesimama foleni ya basi, jambo ambalo fomu ile ngumu isingeturuhusu. Kwa hiyo tunataka badiliko likae kwanza kama rasimu, lionekane sambamba na maandishi ya awali, na jina la aliyelifanya libaki. Mfumo wetu hutunza nakala za zamani, lakini kuzifikia ni lazima kutoka ukurasani na kurudi kule kule kwenye fomu.

Karatasi ya dirishani tuliisahihisha kwa kalamu, abiria wakiwa wamepanga mstari nyuma yetu. Binti alitusogezea rula.