Gunia la Vitunguu

Kwetu ni Ruaha Mbuyuni, chini ya mlima wa Kitonga, ambako watu wengi hulima vitunguu. Mwaka jana mto ulifurika ukachukua bustani yote ya baba. Siku ya kurudi shule ikakaribia, nami sina nauli wala godoro.

Yanipasa niseme kweli: nilikuwa nimeacha kwenda jumuiya. Niliona sala zile ni ndefu, tena ni za wazee. Sikujua ya kuwa maaskofu wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976, walizitaka jumuiya hizi ndogo ndogo ili jirani amjue jirani yake.

Jumamosi jioni wakaja kusali kwetu. Walipomaliza, kila mmoja akatia vitunguu katika gunia. Na jirani yetu Mwislamu, aliposikia habari, akaleta debe zima. Hakuna aliyeniuliza mbona sionekani. Mama akaviuza kando ya barabara kuu, nami nikapanda basi.

Likizo hii niliwahi jumuiya, nikatandika mikeka. Sala zilikuwa ndefu vile vile.

Mwanafunzi, Kidato cha 4